Chaneli za Muziki Zinazimwa, Vijana wa Mahagi-Port Wataonekana Wapi?

MAHAGI-PORT, Ituri. Tarehe 31 Desemba 2025 MTV ilizima chaneli zake tano za muziki nchini Uingereza: MTV Music, MTV 80s, MTV 90s, Club MTV na MTV Live. Chini ya jina lile la zamani imebaki chaneli inayoonyesha zaidi vipindi vya mapenzi na maisha ya watu maarufu. Magazeti ya Ulaya yaliomboleza kana kwamba mzee wa ukoo amefariki. Kwenye ufuko wa Ziwa Albert hakuna aliyefunga butiki kwa ajili hiyo. Nyumba nyingi hapa hazina umeme wa televisheni, na familia iliyokimbia Djugu na sufuria moja na mkeka haikubeba dekoda.

Hata hivyo, jambo hilo linawagusa watu wa ziwa kuliko wanavyofikiri. Kwa zaidi ya miaka 40 chaneli za klipu zimefanya kazi moja ambayo haikuandikwa kwenye mikataba yao. Zimemwambia kijana wa mahali fulani kwamba uso wake, lugha yake na ngoma yake vinafaa kuonyeshwa mbele ya watu. Kijana ambaye hakuonyeshwa, mara nyingi hakukosa sauti. Alikosa mtu wa kumfungulia mlango. Leo mlango huo umehamia ndani ya simu, na mlangoni hakuna mtu. Katika Ituri, wanaoweza kuishika kazi hiyo ni redio za jamii. Zikichelewa, vijana wa ufuko huu, pamoja na watoto waliokulia katika kambi za wahami, watazoea kuwa watazamaji wa wengine tu.

Mlango wa mwaka 1981

MTV ilianza nchini Marekani tarehe 1 Agosti 1981. Klipu yake ya kwanza ilikuwa "Video Killed the Radio Star" ya kundi la Waingereza The Buggles, jina linalomaanisha kwamba video imemuua nyota wa redio. Wazo lilikuwa rahisi. Makampuni ya kurekodi yalikuwa yanatengeneza klipu ili kuuza sahani zao. Chaneli ilizipokea, ikazirusha mchana na usiku, na ikaweka watangazaji watano wa kuzungumza kati ya wimbo na wimbo. Makampuni yalipata tangazo, chaneli ikapata vipindi, na vijana wakapata kitu kilichotengenezwa kwa ajili yao.

Lakini si vijana wote. Katika miaka ya kwanza wanamuziki Weusi walionekana kwa shida sana. Wakubwa wa chaneli walijitetea kwamba wao ni chaneli ya roki, na kwamba watazamaji wao wanataka roki. Mwanamuziki Rick James alilalamika hadharani. Mwaka 1983 David Bowie, mwanamuziki Mzungu mwenye jina kubwa, alikuwa akihojiwa na MTV yenyewe, akamgeuzia mtangazaji swali: kwa nini Weusi ni wachache hivi? Mwaka huohuo "Billie Jean" ya Michael Jackson ikaanza kurushwa, na mwezi wa Desemba ikafuata "Thriller", klipu ya karibu dakika 14. Watazamaji waliosemekana hawataki wakawa wanaisubiri mbele ya kioo. Mwaka 1988 kikaja kipindi cha Yo! MTV Raps, na muziki wa mitaa ya maskini ya New York ukaingia katika sebule za matajiri, ukitangazwa na vijana wanaoijua mitaa hiyo.

Hapo kuna funzo la kwanza. Msemo wa kwamba "watazamaji hawataki" mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyejaribu. Na mlango haukufunguka wenyewe. Ulifunguliwa na watu waliouliza swali kwa sauti, na na wimbo uliokuwa mzuri kiasi cha kumwaibisha anayeukataa.

Afrika yawasha taa yake

Afrika haikusubiri Marekani pekee. Katika miaka ya 1990 Channel O ya Afrika Kusini ilianza kurusha klipu za bara hili. Tarehe 22 Februari 2005 MTV Base ilianza kuonekana Afrika, na klipu yake ya kwanza ilikuwa "African Queen" ya Mnigeria 2Face Idibia. Kutoka Ufaransa ilikuja Trace, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Olivier Laouchez, mzaliwa wa Martinique, na baadaye ikazaa chaneli za Afrika, ikiwemo Trace Mziki ya nyimbo za Kiswahili.

Kwa upande wa Kiswahili, mfano wa karibu zaidi ni East Africa Television ya Dar es Salaam, iliyojulikana pia kwa jina la Channel 5. Kituo hicho cha kampuni ya IPP kilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikawalenga vijana wa Tanzania, Kenya na Uganda. Wakati huo Bongo Fleva bado ilikuwa ikiitwa muziki wa wahuni. Vipindi kama 5Selekt viliweka kijana mbele ya kamera azungumze na vijana wenzake kwa Kiswahili cha mtaani, na Skonga kikaingia mashuleni. Kijana wa Temeke aliyerekodi wimbo wake kwa shida alijua kuna mahali pa kuupeleka. Mwaka 2018 mmoja wa watoto wa muziki huohuo, Diamond Platnumz, akafungua televisheni yake mwenyewe, Wasafi TV. Safari hiyo, kutoka kuitwa mhuni hadi kumiliki kituo, ilichukua kama miaka 20.

Congo nayo? Muziki wa Congo ulikuwa mkubwa kabla ya chaneli yoyote ya vijana. Klipu za Koffi Olomide, Papa Wemba, JB Mpiana na Werrason zilisafiri kwa kaseti za VHS, kisha kwa CD, kutoka Kinshasa hadi vyumba vya video vya kila mji. Mwaka 2010 huko Lagos Fally Ipupa alishinda tuzo ya video bora katika tuzo za MTV za Afrika. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliingiza rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Hakuna anayeweza kusema Mkongomani hakuonekana.

Ila Mkongomani aliyeonekana alikuwa zaidi yule wa Kinshasa. Mashariki ilibidi ingoje. Innoss'B, mzaliwa wa Goma, ndiye aliyeionyesha njia: mwaka 2019 aliimba "Yope" pamoja na Diamond, Lingala na Kiswahili vikakaa ndani ya wimbo mmoja, na klipu yake ikapita mara milioni 100 kwenye YouTube. Mtoto wa jimbo lililojulikana nje kwa vita tu alijulikana kwa mchezo. Kwa kijana wa Ituri hilo si jambo dogo.

Kamera inayofika ufukoni

Sasa tazama hali ya Mahagi-Port. Mji uko kwenye maji, Uganda iko ng'ambo. Waalur wako pande zote mbili, Mahagi na Nebbi, na mpaka haukuwahi kuukata wimbo. Adungu, kile kinanda cha nyuzi chenye shingo iliyopinda, kinapigwa huku na kule. Sokoni, kati ya makayabu na mafuta ya mawese, nyimbo za Kampala, Kinshasa, Dar es Salaam na Lagos zinasikika kwa wakati mmoja. Kijana wa hapa anawajua nyota wa miji minne kwa majina. Ukimuuliza nani anaimba vizuri katika kambi ya wahami iliyo karibu naye, hana jibu.

Na katika kambi hizo wako waimbaji. Tangu Desemba 2017 mashambulizi ya makundi yenye silaha huko Djugu, na baadaye katika maeneo mengine ya jimbo, yameng'oa zaidi ya watu milioni moja katika makao yao. Mwanzoni mwa 2018 maelfu walivuka ziwa kwa mitumbwi hadi Hoima. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri imekuwa chini ya utawala wa kijeshi. Mtoto aliyekimbia akiwa na miaka 8 mwaka 2018 leo ana 16. Huo ndio umri ambao chaneli zote zilizotajwa hapa ziliwekwa kwa ajili yake. Amekua bila hata moja.

Si kwamba kamera hazimfikii. Zinamfikia. Huja na gari la shirika, zikapiga picha ya hema lililochanika, ya foleni ya unga, ya mama aliyelala chini. Picha hizo ni za kweli na zina kazi yake, maana bila hizo msaada haufiki. Lakini mtoto ambaye kila anapopigwa picha ni kwa sababu ana njaa, mwisho ataamini kwamba njaa ndiyo kitu pekee alicho nacho cha kuonyesha. Hakuna kamera iliyomuuliza anaimba nini jioni.

"Simu inatosha"

Wengi watajibu kwamba chaneli zimekufa kwa sababu hazihitajiki tena. Kijana ana simu. Akipata mega za franga chache anaingia YouTube au TikTok, na akikosa mega anakwenda butiki ya sokoni ajaziwe nyimbo kwenye kadi. Anaweza pia kujirekodi na kujirusha mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Hoja hiyo ina ukweli mkubwa. Rick James wa leo asingengoja mkubwa wa MTV abadili moyo.

Lakini simu imechukua klipu, ikayaacha mambo matatu ambayo chaneli nzuri ilikuwa nayo. La kwanza ni saa. Kipindi kilikuwa na saa yake, na watu wa mji mzima walikitazama pamoja, kesho yake wakakizungumzia. Simu inampa kila mtu wimbo wake, wakati wake, pembeni yake. La pili ni mtangazaji, yaani mtu mwenye jina na sauti anayesema: msikilizeni huyu, ni wa mtaa fulani. TikTok haina mtu wa namna hiyo. Inasukuma mbele kile ambacho tayari kinasukumwa, na kijana mwenye watazamaji 40 anabaki na 40 wake. La tatu ni mtu wa kukataa. Mtangazaji aliyejibika aliweza kusema kwamba wimbo huu unatukana watu, hauchezwi.

Hilo la tatu ni zito katika Ituri. Katika jimbo lenye majeraha kati ya Hema, Lendu, Alur na wengine, wimbo unaweza kuwapatanisha watu na unaweza kuwachoma. Sauti ya chuki inayopita kutoka simu hadi simu haina mlinzi. Kipindi chenye mwenyewe kinaye.

Wanaopinga

Wako pia wanaosema kwamba wakati huu si wa nyimbo. Watu wanataka usalama, chakula, dawa na shule, na kuzungumzia klipu mbele ya mama asiye na hema ni kumdharau. Hawa wasikilizwe. Hakuna wimbo unaozuia risasi. Lakini saa moja ya redio haiondoi gunia hata moja katika ghala la msaada. Tena mama huyohuyo, akiwa na redio ndogo, ndiye atakayemsikia binti yake akitajwa kwa jina bila neno "mhami" mbele yake. Katika miaka ya ukimbizi, ni mara ngapi alisikia hivyo?

Wachungaji, masheikh na wazazi wana neno lao pia: chaneli hizi zilileta uchi na ulevi nyumbani. Si hoja ya kutupa. Hata serikali zimeingia katika ugomvi huo. Januari 2021 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, iliisimamisha Wasafi TV kwa ajili ya onyesho lililosemekana kuvunja maadili. Lakini mzazi anayekasirishwa na yanayotoka Lagos hana wa kumlalamikia. Kipindi cha hapa kina mlango wa kubisha. Mzazi anaweza kwenda redioni kesho asubuhi akamwambia mtangazaji uso kwa uso kwamba jana walikosea.

Na kuna hatari moja ambayo haipendi kutajwa, nayo ni pesa. Muziki wa Congo unaijua vizuri kwa jina la mabanga: mwenye pesa analipa ili atajwe ndani ya wimbo. Kipindi cha vijana kikianza kuuza nafasi, mtoto wa mfanyabiashara atachezwa kila wiki na mtoto wa kambini atangoja hadi azeeke. Mlango utakuwa umefungwa tena, safari hii na watu wa nyumbani.

Saa moja tu

Basi kinachoweza kufanyika hakihitaji mitambo ya Johannesburg. Redio za jamii za Ituri zinazo tayari antena, watangazaji na wasikilizaji. Bunia ina desturi ndefu ya redio, kuanzia Radio Candip hadi Radio Okapi, iliyoanza nchini tarehe 25 Februari 2002. Kinachotakiwa ni saa moja kwa wiki, mchana wa Jumamosi, wakati mitumbwi mingi imerudi na jua bado linachaji betri. Saa hiyo ichukuliwe na vijana wenyewe, mmoja wa mji na mmoja wa kambi, wakitangaza kwa Kiswahili cha Bunia ambacho kila kabila linakielewa.

Kanuni ziwe chache na zisomwe hewani kila wiki. Nyimbo nusu ziwe za vijana wa jimbo hili, na katika hizo, moja angalau itoke katika kambi za wahami. Lugha zizunguke: leo Kialur, wiki ijayo Kilendu, kisha Kihema, Kilugbara, Kindo, Kibira. Wimbo unaotukana kabila usichezwe, na sababu itajwe. Nafasi isiuzwe, hata kwa soda. Wasikilizaji wachague wimbo wa wiki kwa ujumbe wa simu, na asiye na simu aandike karatasi, aipe kiongozi wa kambi.

Klipu nazo zitakuja. Simu moja yenye kamera nzuri, kijana mwenye mkono usiotetemeka na ufuko wenye mwanga wa saa kumi na moja vinatosha kuanza. Mara moja kwa mwezi shule yenye sola na projekta inaweza kutundika shuka jeupe na kuzionyesha kabla giza halijaingia, watu warudi nyumbani kwa usalama. Hapo uangalifu unahitajika. Aliyekimbia wauaji anaweza kuwa na sababu ya kuficha uso au jina la kijiji chake, na binti asipigwe picha bila yeye na mzazi wake kukubali. Mwimbaji asiyetaka kuonekana aimbe, na kamera itazame ziwa.

Mashirika yanayofanya kazi kambini yanaweza kusaidia bila kuanzisha mradi mpya wenye jina refu: betri moja, kipaza sauti kimoja, nauli ya pikipiki ya kumtoa mwimbaji kambini na kumrudisha. Wafanyabiashara wa samaki wanaotangaza bei zao redioni wanaweza kulipia tangazo lao katika saa hiyo. Wenye mamlaka wanaombwa kitu kimoja tu: kijana anayerudi kutoka redioni na gitaa asisimamishwe kwenye kila kizuizi kama mhalifu.

Historia ya chaneli za klipu inaonyesha kwamba maamuzi ya nani aonekane yamefanywa mbali na ziwa hili, na yataendelea kufanywa mbali. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice ya Afrika Kusini, na hivyo sehemu kubwa ya dekoda za Afrika sasa ina bwana mmoja. Akiamua kesho kuzima chaneli ya muziki, hatapiga simu Mahagi-Port kuomba ushauri. Saa moja ya Jumamosi katika redio ya hapa hawezi kuizima. Inaweza kuzimwa tu na watu wa hapa, kwa kutoianzisha.